Nililipia gari ishushwe inchi mbili, fundi akazipiga moto wa gesi springi za Datsun 1200 ya marehemu baba

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite. Na nyie wa "ungeacha ilivyo" nawaona mnavyokuja, nitawajibu huko chini.

Nina Datsun 1200 pickapu, rangi krimu, injini yake ileile ya A12, cc 1171. Baba aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1986, akaibebesha mashudu, madumu ya maziwa na mara moja jeneza la jirani, hapo Kibaha mjini. Alipofariki ikaja kwangu. Sijaifanya pambo. Jumamosi inabeba, Jumapili inaoshwa.

Nilichotaka ni kitu kimoja, ishuke inchi mbili. Anayezijua gari hizi anajua kwamba zikiwa tupu zinabinua nyuma kama bata anayetafuta kitu topeni, maana springi zilipangwa kwa mzigo wa nusu tani. Nikauliza huku na huku, nikaelekezwa kwa fundi mmoja, jina na gereji sitaji. Ana picha kibao kwenye simu, Chaser zimelala, Mark II zimelala, mpaka Hiace imelala. Nikamwambia kaka, hii ni pickapu, inabeba. Akacheka. "Bosi wangu, chuma ni chuma."

Hapo ndipo ningegeuza gari.

Mimi si mjinga wa kutupa gari gereji na kuondoka. Nilikwenda na futi ya cherehani ya mama, nikapima mbele yake kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, nikaandika kwenye karatasi, nikambandikia kwenye kioo. Kila kona ipungue sentimita 5. Tukakubaliana 450,000: mbele springi fupi zinazolingana na gari, nyuma bloki za chuma za kuweka kati ya ekseli na springi, na yubolti mpya ndefu, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi. Nikatanguliza 300,000 ili akanunue spea. Siku mbili tu akanipigia, "bosi, njoo uone mnyama."

Nikaenda nikaona. Imelala kweli, siwadanganyi, kwa sekunde kama kumi nilifurahi. Halafu nikatoa futi. Mbele kushoto imeshuka sentimita 9, kulia 7. Namuuliza mbona pande hazilingani, ananiambia zitakaa zenyewe ukitembea. Nikampa iliyobaki, nikaondoka. Ndiyo, nilimpa. Mnaotaka kunitukana kwa hilo, tukaneni sasa hivi tuendelee.

Nyumbani mama akatoka, akaizunguka mara moja, akasema, "Gari la baba yako limechutama." Akaingia zake ndani.

Wiki ya kwanza, kila tuta eksozi inakwangua. Usukani ukipita kwenye shimo unavuta wenyewe. Kwenye lami iliyonyooka nakwenda kama mlevi, maana mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele badala ya kulala imeelekea juu, na gurudumu likicheza kidogo tu, fimbo za usukani zinaligeuza zenyewe. Matairi ya mbele yakaanza kulika kwa ndani. Nikapima tena. Kushoto, sentimita 10. Gari imesimama uani na bado inashuka!

Ndipo nikafungua gurudumu nikachungulia. Wakuu, springi ilikuwa na madoa ya buluu na zambarau, rangi imebabuka kama ngozi ya kitimoto jikoni, na duara mbili za chini zimekaliana kabisa, hupitishi hata karatasi. Hakununua springi. Hakukata springi. Aliwasha gesi akazipasha zikiwa palepale kwenye gari, akaacha uzito wa injini uzikandamize, akazima kwa kukisia. Ndiyo maana pande hazilingani. Alipima kwa jicho, karatasi yangu ikiwa imebandikwa kwenye kioo.

Kwa wasioelewa kwa nini napiga kelele: chuma cha springi kinapikwa kiwandani, kinapashwa, kinazimwa ghafla, kinapashwa tena kwa kiasi. Uwezo wa kukandamizwa na kurudi unatoka hapo. Ukikipiga gesi mpaka kiwe chekundu umekifanya nondo iliyosokotwa. Kinashuka leo, kinashuka kesho, na kitakomea pale shokapu itakapogonga chini. Ya kwangu ya kushoto imeshaanza kuvuja mafuta. Angalau angekata kwa grainda, taratibu bila kuchemsha chuma, nusu duara kila upande! Hata hiyo ina kasoro zake, springi ikipungua duara inakuwa ngumu zaidi, na ukizidisha inacheza kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia. Lakini ingebaki springi.

Ya mbele ni hasara. Ya nyuma nusura iniue.

Alhamisi iliyopita nateremka Kimara kuelekea Ubungo, nyuma nina magunia manne tu ya pumba. Bajaji ikajiingiza mbele yangu, nikakanyaga breki. Nikasikia kah! chini ya kiti, halafu nyuma ya gari ikaamua kwenda kwake. Naelekeza usukani mbele, gari inatembea ubavu kama kaa. Nyuma yangu daladala imejaa watu. Namshukuru Mungu na yule dereva, alikwepa kwa nafasi ya kiganja. Nikasukumwa pembeni na vijana wa bodaboda. Mmoja akainama, akaangalia, akaniambia, "Broo, tairi lako la nyuma limehama nyumba."

Na kweli lilikuwa limehama. Lilirudi nyuma mpaka likagusa bati la bodi. Nikapiga jeki. Kwenye 1200 ekseli ya nyuma imekaa juu ya springi, kwa hiyo bloki ikiwekwa katikati yao gari linashuka, njia hiyo ni sahihi na ni ya miaka mingi. Lakini bloki lazima iwe chuma kizito kipande kimoja, juu ina kijino kinachoingia kwenye tundu la ekseli, chini ina tundu la kupokea kichwa cha senta bolti, ile inayoshika mabamba ya springi pamoja. Kijino hicho ndicho kinachoizuia ekseli isitembee ukikanyaga breki. Yeye alikata skwea paipu. Ile ya kutengenezea mageti! Vipande viwili kila upande, kimoja juu ya kingine, vimechomelewa kwa madoa manne ya weldingi, ndani vitupu. Hakuna kijino. Cha kushoto kilikuwa kimebonyea kama kopo la soda lililokanyagwa, kikachomoka nusu. Yubolti ni zilezile za baba, na kwa vile hazitoshi urefu nati zilikuwa zimeshika nyuzi tatu. Nyuzi tatu, wakuu. Nilihesabu kwa ukucha.

Kuvutwa mpaka nyumbani 120,000. Kesho yake nikabeba kile kipande kwenye mfuko wa rambo nikaenda nacho gereji, nikakiweka juu ya meza yake ya chai. Hakushtuka hata kidogo. Akakigeuzageuza, akaniambia mbele ya vijana wake, "Bosi, gari ulitaka ilale, imelala. Sasa wewe umepakia."

Nimepakia! Pickapu!

Nikamuuliza springi fupi nilizolipia ziko wapi. Eti Kariakoo zote alizoziona zilikuwa za gari nyingine, akaona asinisumbue. Yubolti? Kimya. Pesa yangu? Eti imeishia kwenye gesi na ufundi, labda nirudishe gari "airekebishe". Airekebishe kwa nini, kwa mkaa?

NYONGEZA, saa 3 usiku: Nimesoma majibu yenu. Mnaosema rahisi ni ghali, 450,000 kwa kazi hiyo si rahisi, rudini juu msome. Mnaosema gari la zamani lisiguswe, nendeni mkaangalie ndugu yake, Nissan 1400, iliyotengenezwa Afrika Kusini mpaka 2008. Kule wanazilaza hizi gari tangu zamani na zinatembea, kwa sababu bloki zinauzwa dukani zimetengenezwa kwa kazi hiyo na yubolti zake pembeni. Kushusha gari si dhambi. Dhambi ni kupokea hela ya springi ukanunua gesi.

Na wewe uliyeandika "mbona yangu ilipashwa 2019 iko poa", kaka yangu, toka nje sasa hivi upime kushoto na kulia, halafu uje utuambie.

Aliyeuliza kama nimekwenda polisi, nimekwenda. Afande aliniuliza kama kuna maandishi. Nikamwonyesha picha ya karatasi yenye vipimo. Akaniuliza, sahihi ya fundi iko wapi? Haipo. Akanishauri niende serikali ya mtaa tukae wote wawili, na tumepewa Jumatatu asubuhi. Akasema pia nisiitoe gari barabarani ilivyo, kana kwamba inaweza kutoka.

Nyuma nimeshapata njia. Kuna mzee mtaa wa Gerezani, hapa Dar, anayepinda springi za malori, ameziona zile za mabamba zangu, akasema hana haja ya bloki hata kidogo. Atapunguza mkunjo kwa nyundo bila moto, bamba moja moja, zishuke inchi moja na nusu na mzigo zibebe. Aliniuliza kwanza napakia kilo ngapi. Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali hilo tangu kisa hiki kianze.

Tatizo limebaki mbele. Natafuta springi mbili za 1200 pickapu, za asili, ambazo hazijawahi kuonja moto, na shokapu ya kushoto. Shaurimoyo nimezunguka siku mbili, nimeonyeshwa za Sunny, za Corolla na moja iliyopakwa rangi nyeusi mbichi ili madoa yasionekane. Mwenye nazo anitumie ujumbe, nakuja mwenyewe popote alipo ndani ya Dar au Pwani. Nakuja na futi.