Nimeitwa TAKUKURU (wale wa kuzuia rushwa) kuhusu madai ya bima ya kituo chetu. Niende na wakili?

Nuru ya Ziwa
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri. Wenye matusi naomba wanipite tu, maana hapa nilipo hata chakula hakishuki.

Nafanya kazi kituo cha afya cha binafsi, kanda ya ziwa, dirisha la bima. Mgonjwa akija napokea kadi, naihakiki kwenye mfumo, inatoka namba ya idhini, anaenda kwa daktari. Mwisho wa mwezi nakusanya zile fomu za 2A na 2B, naingiza madai, yanapelekwa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kazi yangu ni hiyo tu. Hivi karibuni walikuja wakaguzi, wakabeba mafaili, wakaanza kuwapigia wanachama kuwauliza kama kweli walitibiwa siku zile. Sasa nimeletewa wito, Jumatatu saa mbili asubuhi niripoti. Tunaambiwa kuna wagonjwa hewa na vipimo ambavyo havikufanyika.

Swali langu ni moja: nikienda na wakili, si nitaonekana nimeshajihukumu mwenyewe?

Mzee wa Kaunta
Nenda na sweta kwanza, wakili atakufuata. Mahabusu usiku kuna baridi.

Bi Mwanaidi
Pole mwanangu, ila niseme yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka yote ile asilimia 3 ya mshahara wangu ilikatwa na mwajiri akaweka 3 nyingine, hata sikuwahi kuiona hiyo hela. Siku moja napigiwa simu naulizwa kama nilijifungua kwa upasuaji. Nina wajukuu saba! Kumbe kadi yangu niliiacha mahali nikaambiwa "ifuate kesho, mtandao unasumbua". Hiyo kesho ndiyo waliyonizalisha. Hizo fedha ni za dawa za presha za wazee. Kama mlizila, mzitapike.

Mtetezi wa Makambako
Nuru, mimi ni wakili, ila hapa nakupa mwanga wa jumla tu. Kwenda na wakili si kukiri. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura 20, inamlinda anayehojiwa akiwa chini ya ulinzi awasiliane na wakili, ndugu au rafiki. Anayekwenda peke yake ndiye husaini maelezo ambayo hakuyasoma.

Nijibu haya nikuelewe. Wito unakutaja kama shahidi au mtuhumiwa? Nywila ya kuingia kwenye mfumo ilikuwa mikononi mwa nani? Na madai yakilipwa, wewe ulikuwa unapata chochote nje ya mshahara?

Nuru ya Ziwa
Asante sana kaka wakili. Wito unasema "kutoa maelezo" tu. Nywila ni ya jina langu lakini ofisi nzima waliijua, hata wa maabara, maana nikienda kula kazi haiwezi kusimama. Fomu nyingi za mwisho wa mwezi nilikuwa naletewa zikiwa zimeshajazwa na kusainiwa na daktari. Mimi ni nani nimuulize daktari mgonjwa wake yuko wapi?

Tena najiuliza, wanaweza kuthibitisha nini hasa kuhusu mkurugenzi? Yeye jina lake halipo kwenye fomu hata moja.

Ngosha Halisi
Suala ni hiki kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei inazolipa. Tangu Machi 2024 bei zishushwe, vituo vya binafsi vinapumulia mashine. Mnakumbuka vilivyogoma kupokea kadi siku zile? Mtu ana mkopo wa mashine ya ultrasaundi benki, halafu bima inamlipa bei ya karanga. Simtetei mwizi, lakini tujiulize wizi unaanzia wapi.

Bi Mwanaidi
Unaanzia moyoni, Ngosha. Mbona muuza karanga haandiki wateja hewa?

Wafula wa Bungoma
Poleni majirani. Hata huku Kenya hadithi ni hiyo hiyo. NHIF yetu ilizikwa, mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ikaanza Oktoba 2024, na kufikia 2025 Waziri wa Afya Duale alikuwa anatangaza hospitali zilizosimamishwa kwa madai ya uongo. Mgonjwa wa nje anaandikwa kuwa amelazwa. Binamu yangu alikuwa karani katika kituo kimoja kidogo. Daktari alipotea, karani ndiye alipatikana. Hadi leo anashinda kortini kila kesi ikitajwa.

Chapakazi
Dada Nuru, hujajibu swali la tatu la wakili. Wote tumeona.

Nuru ya Ziwa
Chapakazi sijakwepa, nilikuwa namhudumia mama. Kulikuwa na motisha. Madai yakilipwa mkurugenzi alikuwa ananitumia kidogo kwenye simu. Lakini kila kazi ina motisha jamani! Mwenye duka akiuza vizuri hampi kijana wake chochote? Mshahara wangu haufiki laki nne, na kufunga mwezi tunalala saa sita usiku. Sikuwahi kuomba hiyo hela, alinipa kwa kuona juhudi.

Mzee wa Kaunta
Na motisha ilipanda mwezi wenye wagonjwa wengi au mwezi wenye juhudi nyingi?

Nuru ya Ziwa
Ilitegemea na malipo.

Msukuma wa Houston
Mimi nafanya kazi ya bili za hospitali huku Texas, ngoja niwape elimu. Marekani wana sheria ya madai ya uongo ya mwaka 1863, wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe, iliwalenga wakandarasi waliokuwa wanaliibia jeshi. Leo ndiyo inayotumika kwa hospitali. Ukinaswa unalipa hasara mara tatu na faini juu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya SuperValu iliyohusu bei za dawa, ilisema kinachotazamwa ni kile mshtakiwa mwenyewe alichokijua na kukiamini wakati ule, siyo tafsiri nzuri anayoitafuta baadaye. Mimi nilipoanza kazi huku, msimamizi wangu wa kwanza aliniambia nibadilishe namba ya siri ya huduma kwenye bili (code) iwe ya huduma ya bei kubwa. Nilikataa, nikahamishwa kitengo, nikaonekana mkorofi. Leo yeye hayupo na mimi nipo.

Mtetezi wa Makambako
Ndugu wa Houston, hiyo sheria ni ya shauri la madai, yaani la kudaiana fedha, si la kufungwa. Binti yetu anaelekea kwenye jinai, na huku Jamhuri ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha bila kuacha shaka. Ila hoja ya "ulijua nini" ni ya kweli hata kwetu.

Nuru, kosa la uandishi na udanganyifu ni vitu viwili. Madai hukatwa kila siku kwa sababu saini haipo, au dawa haiendani na ugonjwa ulioandikwa. Hayo ni makato, hakuna anayefungwa. Jinai inataka nia. Ndiyo maana nimeuliza nywila na hela. Nywila iliyosambaa ofisi nzima inaweza kukusaidia, kama wenzako watasema ukweli na kumbukumbu za mfumo zikionyesha madai yameingizwa wakati wewe haupo kazini. Lakini hela inayopanda na kushuka na malipo, mwendesha mashtaka ataiita mgao. Usiende ukasema haikuwepo, miamala itakuumbua.

Mashtaka ya kawaida kwenye mambo haya ni kughushi, kujipatia fedha kwa udanganyifu, na chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kuna kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri. Mengi huendeshwa kama uhujumu uchumi, hivyo lazima kibali cha DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka. Wakiongeza utakatishaji fedha, dhamana hakuna, na hapo ndipo watu hukaa ndani miaka kesi ikiendelea. Kwa hiyo wiki hii ni muhimu kuliko siku ya hukumu. Una wakili?

Nuru ya Ziwa
Wakili yupo. Ni wa kituo, mkurugenzi analipa kila kitu. Kaandaa maelezo nisaini kabla ya Jumatatu, kwamba makosa yalikuwa ya kuingiza data na ni ya kwangu kwa kukosa mafunzo. Wakili anasema likiwa kosa la mtu mmoja tena la uzembe, linaisha kwa kurudisha fedha, na fedha mkurugenzi atatoa. Nimeshamwambia nitasaini.

Najua mtanishambulia. Ila huyu mtu alilipa upasuaji wa mama yangu. Hamjui alivyonisitiri.

Mtetezi wa Makambako
Usisaini.

Wakili wa mkurugenzi anamlinda mkurugenzi. Si ubaya, ndiyo kazi aliyolipwa. Lakini ninyi wawili maslahi yenu yanagongana: utetezi wako ni kwamba ulielekezwa, utetezi wake ni kwamba hakujua. Wakili mmoja hawezi kubeba hizo mbili. Karatasi hiyo, hata kama hukuisaini mbele ya mpelelezi, inaweza kuletwa mahakamani kama kukiri kwako. Ndiyo, unaweza kuikana baadaye. Tangu kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, 1967, mahakama zetu huyapokea maungamo yaliyokanwa kwa tahadhari na hutafuta ushahidi wa kuyaunga mkono. Sasa kwako huo ushahidi si upo? Nywila jina lako, hela simu yako.

Kuhusu kurudisha fedha: makubaliano ya kukiri kosa yapo kisheria tangu 2019, lakini hufanywa na mwendesha mashtaka na kusajiliwa mahakamani. Bosi hana kalamu ya kuyaandika. Na ukiwa na mengi ya kusema, wakili wako anaweza kuzungumza nao uwe shahidi wa Jamhuri. Kama huna uwezo, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Waulize chama cha mawakili TLS, au chama cha wanasheria wanawake TAWLA.

Ras Kinondoni
Wakuu samahani, hii ni chai. Rudieni kusoma. Karani wa dirishani anauliza "wanaweza kuthibitisha nini kuhusu mkurugenzi"? Mtu anayeogopa jela anajiuliza mwenyewe, hamuulizii bosi. Mimi nasema huyu ndiye mkurugenzi, kaja kupima kama binti akigeuka atamwangusha. Na wakili wetu kamwaga kila kitu bure!

Ngosha Halisi
Duh. Au ni mpelelezi anavua samaki.

Chapakazi
Fomu mara za karatasi, mara anaingiza kwenye mfumo. Mie pia nilishtuka.

Dada Mkunga
Hapo kwenye fomu acheni uonevu. Nimefanya kazi vituo viwili, karatasi inajazwa na mfumo unajazwa, vyote. Hilo amesema sawa.

Nuru ya Ziwa
Namuulizia bosi kwa sababu yeye akianguka mimi na wenzangu wote hatuna kazi, na mama ana kliniki ya marudio. Mnataka niweke picha ya wito hapa ili jina langu lijulikane? Mnisamehe, siwezi.

Bi Mwanaidi
Awe nani awe nani, mimi namjibu kama binti yangu. Mwanangu, fadhila ya upasuaji utailipa kwa njia nyingine. Hailipwi kwa kifungo.

Ras Kinondoni
Basi kama ni kweli, piga picha ujumbe wa hiyo miamala na meseji za bosi za kukuelekeza, uzitunze. Jina funika, hatukuombi uziweke humu.

Nuru ya Ziwa
Simu haipo. Bosi aliichukua siku wakaguzi walipoondoka. Alisema ina virusi, atanipa nyingine mpya. Hii naandikia ya mdogo wangu.

Mtetezi wa Makambako
Laini ilisajiliwa kwa jina lako?

Nuru ya Ziwa
Ndiyo, kwa NIDA yangu na alama za vidole.

Mtetezi wa Makambako
Kesho wakifungua tu, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho. Rudisha laini, kisha omba taarifa ya miamala yote tangu uanze kazi pale, iwe na muhuri. Andika siku na saa aliyoichukua simu, na nani aliona. Usimwambie unakokwenda. Halafu nitafute kwa ujumbe wa faragha, nikuelekeze kwa mwenzangu aliye huko karibu kabla ya Jumatatu.