Kwani ni lazima niache kipande (kitambulisho) kwa geti ndio niingie jengo?

mpitanjia76
Wadau nisaidieni. Juzi nimeenda kwa daktari wa meno jengo moja hapo tao, askari akachukua kipande, akanipa kile kitabu niandike jina, namba ya simu, naenda kuona nani, saa ngapi, sahihi. Nikapewa beji ya plastiki namba 14. Kushuka saa kumi nakuta shifti imebadilika na kwa shimo la 14 kuna kipande cha mama fulani simjui hanijui. Changu hakuna. Sasa nitafute abstrakti ya polisi na elfu moja ya kutoa kingine. Mtu mzima wa miaka 48, nimelea watoto, nalipa ushuru, siwezi kung'olewa jino bila kuweka rehani?

chai_rangi
Pole sana. Haya yote yalizidi baada ya shambulio la magaidi kwa jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa na sitaki kulichukulia rahisi. Lakini wale jamaa waliingia wakipiga risasi, hakuna aliyesimama kuandika jina. Sisi tumebaki na ile mashini ya mkono, inalia tii kwa funguo, tii kwa mshipi, askari anakuambia pita tu. Kama inalia na napita si aiweke chini apumzike mkono.

soja_wa_zamu
Mimi ndio huyo askari, saa 12 kwa miguu. Sheria ya walinzi ya 2016 inaturuhusu kushika kitambulisho mpaka utoke, sikuiandika mimi. Laptopu ikipotea huko juu naulizwa mimi nani aliingia. Mkinitusi mnatusi mtu asiyehusika. Ila kuchanganya vipande thelathini kwa droo na raba bendi, hapo tunakosea, nakubali.

bimkubwa_likoni
Kitabu chenyewe ndicho kinachonikera, kiko wazi kila mtu asome namba ya mwenzake, na sheria ya data tunayo tangu 2019. Binti yangu aliandika namba yake asubuhi, jioni akaletewa meseji "mambo mrembo wa rangi ya samawati", nguo aliyovaa siku hiyo wallahi. Huo ndio ulinzi? Babu yangu wakati wa mkoloni alitembea na kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, sisi angalau tunacho mfukoni, mpaka tufike getini.

kadi_ya_zamani
Mimi huacha kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, tangu SHA ichukue nafasi yake haina kazi nyingine. Hawajawahi kuuliza hata siku moja, wanachotaka ni kitu cha kujaza lile shimo.

mpitanjia76
Asanteni. Leo nimerudi nione meneja wa jengo kuhusu hiyo stori, ofisi yake iko ghorofa ya tatu. Askari ameniambia niache kipande ndio nipande.