Deksamethasoni haipandishi TAT kwenye seli za ini: kosa liko wapi?

PipetiMoja
Wadau, seli za H4IIE (ini la panya) zimewekewa deksamethasoni (homoni ya steroidi ya kutengenezwa) nM 100 kwenye seramu ya ndama 10%, zikavunwa baada ya saa 1. Kimeng'enya TAT, yaani tirosini aminotransferasi, hakijapanda, na kontroli yenyewe iko juu. Dawa imeharibika?

MzeeWaJeni
Mkuu, usiisingizie dawa. Saa 1 ni mapema mno. Steroidi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli na kunasa kwenye kipokezi chake, ambacho hukaa na protini hsp90 kikisubiri. Kipokezi huingia kwenye kiini, hushika DNA karibu na jeni ya TAT, na mRNA (nakala ya jeni) huanza kunakiliwa. Kimeng'enya chenyewe hujengwa baadaye na kurundikana polepole. Vuna saa 0, 2, 4, 8 na 12.

Kontroli iko juu kwa sababu seramu ina kotisoli yake, steroidi ya asili. Tumia iliyochujwa kwa mkaa.

SpektroMtaani
Hesabu ya dawa: mg 3.9 kwenye ml 10 za ethanoli ni mM 1. Mikrolita 1 ya hiyo kwenye ml 10 za midia inakupa nM 100. Kontroli nayo ipate ethanoli kiasi kilekile. Ongeza kisahani chenye homoni pamoja na mifepristoni, inayoziba kipokezi, µM 1. TAT isipopanda humo, basi kazi ni ya kipokezi.

Kwenye kipimo watu husahau piridoksali fosfeti, msaidizi ambaye TAT haifanyi kazi bila yeye, TAT ikaonekana imelala. KOH ya M 10 husimamisha mmenyuko na kugeuza zao lake kuwa hidroksibenzaldehidi; acha dakika 30, soma nm 331. Blanki (sampuli ya kulinganishia isiyo na mmenyuko) itiwe KOH kabla ya kimeng'enya. Ukiitia baada, umeshapima mmenyuko.

PipetiMoja
Aktinomisini D, inayozuia kunakiliwa kwa RNA, itathibitisha kwamba ni jeni?

MzeeWaJeni
Ukiiweka mwanzoni pamoja na homoni, TAT haipandi. Ukiiweka ikiwa imeshapanda, inaweza kubaki juu au hata kuzidi; mabishano hayo ni ya tangu miaka ya 1960.

Halafu wingi wa kimeng'enya peke yake hausemi chanzo. Triptofani oksijenasi ya ini la panya hupandishwa na haidrokotisoni, inayoongeza utengenezaji, na pia na triptofani yenyewe, inayochelewesha kuvunjwa kwake. Mwisho wa siku, kwa njia zote mbili kimeng'enya kimepanda. Pima mRNA pia.

SpektroMtaani
Na ukihamia PEPCK, kimeng'enya kingine cha ini kinachopandishwa na deksamethasoni, ondoa insulini kwenye midia. Huizima jeni hiyo hata deksamethasoni ikiwepo.