Beringi ya tatu tangu Januari: unga wa rangi ya kakao kwenye shafti ya mashine ya kusaga

Msagishaji: Wakuu, heshima kwenu. Mashine yangu ya kusaga mahindi imekwisha kula beringi mbili tangu Januari, na ya tatu nimeshainunua. Kila tunapofungua tunakuta shafti, pale inapokaa pete ya ndani ya beringi, imechubuka na kufunikwa na unga mkavu wa rangi ya kakao wenye michirizi myeusi. Naomba mnishauri ni beringi ya nchi gani inayodumu.

Mzee Mnyapara: Kijana, bandia zimejaa madukani kwa sababu mnapenda vya bei rahisi. Marehemu baba aliendesha mashine ya dizeli miaka 11, na grisi aliitia kwa mkono wake kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali. Siku hizi nani ana subira hiyo?

Binti wa Karakana: Shikamoo mzee, lakini grisi haifiki hapo anapopasema. Kaka, chuma kikisuguana na chuma hutoa unga wa kahawia mwekundu, ilhali alumini hutoa mweusi. Shafti yako haina alumini. Mmeweka nini kati yake na beringi?

Msagishaji: Sikudhani kuwa lina uzito. Beringi ilikuwa inaingia kwa mkono bila kugongwa, kwa hiyo fundi alikata ukanda wa kopo la soda, akauzungushia shafti, ndipo ikabana. Msinihukumu, maana wateja walikuwa wamepanga madebe hadi barabarani. Sasa yuko fundi mwingine, ambaye nimeshamlipa nusu, atakayeipiga shafti panchi ili vinundu viishike beringi.

Mpiga Soga: Kumbe mashine inakunywa soda, ndiyo maana meno yameoza.

Binti wa Karakana: Vinundu vya panchi vitashika kwa ncha zake tu, na ncha hizo zitalika upesi. Pete iliyolegea hutikisika juu ya shafti kwa mikroni chache (mikroni 1,000 ni milimita moja), mwendo usioonekana kwa macho. Kila mtikisiko hukwangua utando wa juu wa chuma, chuma kipya kinachobaki wazi hushika oksijeni ya hewa, na unga unaozaliwa, kwa kuwa ni mgumu na hauna pa kutokea, hugeuka msasa humo humo. Tena mikwaruzo hiyo ndimo nyufa zinamoanzia, na shafti inayokatika nyundo za kusagia zikiwa zinazunguka si jambo la kuombea.

Asiyedanganyika: Mimi nauona uzi huu kuwa wa kutungwa. Kutu ni maji, na hakuna aliyetaja mvua wala mfereji. Mmoja anauliza, mwenzake anajibu kama kitabu, na kesho tutaletewa namba ya simu ya muuza shafti.

Binti wa Karakana: Ndugu, kutu hii haingoji maji, chuma huweza kuliwa hivi hata katika hewa kavu. Mwingereza Tomlinson aliliandikia jambo hili mwaka 1927, akaonyesha kwamba chanzo chake ni mwendo mdogo mno wa nyuso zinazogusana. Shafti siuzi. Msagishaji, kama beringi ni ya milimita 30, shafti inapaswa kuzidi kipimo hicho kwa mikroni 2 hadi 15 ili ibane. Pima kwa maikromita, utuambie.

Msagishaji: Asiyedanganyika, karibu uje ufute vidole vyangu, vina wekundu hadi kwenye kucha. Nimepima: 29.94 upande wa puli, na 29.97 upande wa pili. Fundi wa panchi amekataa kurudisha fedha, na kwa kweli sipendi zipotee, kwa hiyo nimemwomba azihesabu kwenye kazi ya kukereza shafti mpya. Ila beringi niliyonunua nitaifunga hii hii.

Binti wa Karakana: Ifunge, kaka. Lakini mpelekee mkerezaji na beringi yenyewe, na kopo la soda liache nyumbani.