Ushauri: kampuni inatunza masaa yangu yote, bado niandike logibuku (kitabu cha rubani cha masaa ya kuruka)?

MtotoWaUyole:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Ni rubani, narusha ndege ndogo, Cessna Caravan, kwenye viwanja vya vumbi, Msembe kule Ruaha nashuka sana. Nipo likizo nyumbani Mbeya. Leseni ya urubani wa biashara ninayo, na mfumo wa kampuni unahesabu masaa yetu hadi dakika. Logibuku yangu inakaribia kujaa. Ninunue nyingine au niachane nayo? Wenzangu wengine walishaacha, wanasema si lazima.

Mzee wa Nduli:
Marahaba. Unataka kuzeekea kwenye Caravan? Ukitaka ATPL, ile leseni ya juu kabisa ya urubani, lazima uthibitishe masaa 1,500, na hawaangalii jumla peke yake. Watauliza mangapi ulikuwa rubani mkuu, mangapi ya usiku, mangapi uliruka kwa kutegemea ala (vipimo vya ndani ya ndege) bila kuona nje. Kampuni inakuhesabia ili usipitilize muda wa kazi, basi. Niliyoanzia mimi ilifilisika, kompyuta zikaondoka na wadai. Wenzangu walihangaika sana kutafuta ushahidi wa masaa yao. Vitabu vyangu vilikuwa kabatini kwangu.

KichwaChaScania:
Tunduma–Dar miaka yote hii sijaandika hata kilomita moja 😂

MamaMafinga:
Samahani, mimi si wa fani. Kwani ndege yenyewe haina kitabu chake?

Mzee wa Nduli:
Inacho mama, ila kile ni cha mafundi. Mara nyingi masaa ya matengenezo yanahesabiwa tangu magurudumu yaache ardhi mpaka yaguse tena. Ya rubani yanaanza ndege inaposogea kwenda kuruka, yanaisha inaposimama kabisa. Songwe ukitoka maegesho, ukaambiwa usubiri kwanza mwingine atue, dakika zile ni zako. Kwenye kitabu cha ndege usizitafute.

NjombeBaridi:
Wanaosema si lazima nahisi wamesoma sheria za Marekani. Kule unabanwa kuandika mafunzo na masaa unayoyatumia kupata leseni au kuonyesha kwamba bado uko vizuri, mfano kuruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 kabla ya kubeba abiria. Ulaya wanataka kila safari. Leseni yako ni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya hapa Tanzania, dogo, kasome kanuni za hapa kwetu. Ila karatasi nayo imepitwa. Tumia programu ya simu, kila mwezi chapisha na usaini.

Mzee wa Nduli:
Simu ikiibiwa Mwanjelwa je? Wino, kijana.

NjombeBaridi:
Mzee, ndiyo maana nimesema achapishe. Na nyumba ikiungua?

MtotoWaUyole:
Nimewaelewa, nanunua, na ya simu naweka pia. Hapa Mbeya zinapatikana wapi?

KichwaChaScania:
Uliza Dar. Wakiwa nazo lipia, nakuletea Alhamisi. Nauli ni soda.