Mtoto wa wilchea akikataliwa shule, kuna sheria kweli?

BintiMaweni
Assalam aleikum jamani. Mpwa wangu ana mtindio wa ubongo, miguu ndo haimsaidii lakini akili timamu, herufi anazijua zote na kujumlisha anatushinda sie wakubwa. Juzi nimempeleka shule moja ya serikali hapa Malindi, hedi hata jina hakumuuliza, kaangalia wilchea kisha kaniambia "mama hapa hatuna mwalimu wa special, jaribu kwingine". Kwingine wapi sasa, Mombasa? Hivi kuna sheria ya kumlazimisha na ilianza lini? Dada yangu aniambia Marekani mzazi anashtaki kabisa

Maalim_Langoni
Waaleikum salam. Ipo, tena si moja. Baada ya uhuru kulikuwa na kamati ya Ngala Mwendwa ya mambo ya watu wenye ulemavu 1964 halafu waraka wa serikali 1968, lakini waraka ni sera tu, kortini huendi nao. Chuo cha KISE cha kufundisha walimu wa special kikaja 1986. Meno yameota 2003, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu kifungu cha 18, shule isimnyime mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake, ila wakachomeka pale "kama ana uwezo wa kusoma hayo masomo", yaani mlango wa nyuma huo! Ikaja Katiba 2010, soma ibara ya 53 na 54, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi 2013 ikataja ulemavu waziwazi kwamba usiwe sababu ya kumbagua mtoto anapotafuta nafasi. Ile ya 2003 nayo imeshapata mrithi mwaka 2025

kaka_barani
sawa maalim lakini choo kina ngazi, darasa limejaa hadi mlangoni, mtoto akitaka haja nani ambebe? simtetei hedi ila pesa ya rampi ataitoa wapi

Shela_moja
@kaka_barani hiyo ya pesa Marekani waliisema pia. Wazazi wa Pennsylvania walishtaki jimbo lao 1971 kwa watoto wao wenye ulemavu kunyimwa shule, wa Washington DC nao wakashinda 1972, na jaji wa DC akasema pesa kama hazitoshi basi upungufu usimwangukie mtoto mwenye ulemavu kuliko wenzake. Ndo 1975 Rais Ford akatia saini sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, tangu 1990 yaitwa IDEA, kila mtoto aandikiwa mpango wake na mzazi akiwa mezani. Serikali kuu iliahidi kulipia kila mtoto huyo mpaka asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja nchini na mpaka leo haijafikisha, lakini kumfukuza mtoto kwa sababu hiyo hawawezi

BintiMaweni
Sa mimi naanzia wapi?

Maalim_Langoni
Ofisi ya elimu ya sub-county, uliza EARC, kituo cha kupima watoto wenye ulemavu, wao ndo wafanya asesimenti na kuandika ripoti mtoto afaa shule gani. Ukiwa nayo rudi kwa hedi, akikataa tena mwambie aandike kwa karatasi na atie sahihi, kwa upole tu

kaka_barani
hapo kwa sahihi utaona nafasi inapatikana 😂 na rampi tuambieni, fundi niko