Besi wa katikati kwenye ziwa dogo lenye maji mafupi, mnawapataje?

kasia_moja:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana hili jambo limenichosha. Navua besi, wale samaki wa mdomo mkubwa, kwenye ziwa dogo tu, ukisimama ufuko huu unamwona mtu wa ufuko wa pili mpaka rangi ya shati lake, na kila nilipopima kina hakijafika mita 3. Alfajiri nawapata pembeni kwenye matete, wawili watatu hivi, jua likishapanda wanapotea kabisa. Nikaambiwa wanahamia katikati. Haya, nimeenda katikati na kamtumbwi kangu mara ya sita sasa, narusha huku narusha kule, hata wa kudona hakuna. Chini ni kama sahani, tope tupu. Ile mashine ya kuonyesha kina na samaki sina. Kweli huko katikati kuna besi? Na kama wapo naanzia wapi?

chubwi_zito:
Wapo mkuu, tena wakubwa wengi wanakaa hukohuko. Shida yako unatafuta kina kwenye ziwa ambalo halina kina. Ziwa lenye maji marefu samaki anashuka chini, hilo lako hana pa kushukia, kwaiyo anatafuta mahali palipo tofauti na pengine, na hio tofauti inaweza kuwa ndogo mpaka ukaipita: kanundu ka sentimita 30, kipande cha changarawe ndani ya tope, kisiki kimoja, mfereji wa mto wa zamani kama ziwa lenyewe ni bwawa, au pale majani ya chini yanapoishia.

Safari ijayo usivue kabisa, yaani siku nzima. Funga chubwi, kile kizito cha kuzamisha uzi, la gramu 15 au 20 peke yake bila ndoano, uzi uwe wa kusuka kama unao kwa sababu hauvutiki na kila kitu unakisikia mkononi. Rusha mbali, subiri litue, alafu uliburute kwa fimbo polepole, fimbo iwe imelala pembeni, ukimaliza unakusanya uzi unarudia. Tope ni kama unaburuta nguo iliyolowa, zito na kimya. Changarawe inagonga ko ko ko mpaka kwenye kiganja. Makome yanakwaruza. Majani yanakaza kidogo kidogo alafu yanaachia ghafla. Na hesabu moja mbili tatu tangu chubwi linagusa maji mpaka uzi unalegea, maana ukiwa umezoea kufika nne alafu sehemu fulani likatua kwenye tatu, hapo chini kumeinuka.

Ukipapata dondosha boya, chupa tupu ya plastiki yenye kamba na jiwe inatosha, ila idondoshe kando kama mita 5, sio juu yake. Kabla hujaondoka panga alama mbili za nchi kavu, mfano ule mti unyooke na lile paa, na nyingine mbili upande wa kushoto au kulia kwako, zikikutana umepapata hata baada ya mwaka. Siku ya kuvua ni chubwi lilelile, nyuma yake uzi kama mita 1 wenye ndoano na mnyoo wa plastiki, unaburuta vilevile.

upepo_mkali:
Nakubaliana na chubwi_zito ila sio yote. Mahali peke yake hapatoshi. Kwenye ziwa lenye maji marefu wakati wa joto maji ya chini yanaweza kukosa hewa na samaki akabanwa juu, lakini maji mafupi upepo unayakoroga mara kwa mara mpaka chini, kwaiyo besi wako anaweza kuzunguka karibu popote na anachofuata ni vidagaa. Vidagaa wanafuata vile vijidudu vidogo vinavyosukumwa na upepo. Mi nikifika ziwani kitu cha kwanza naangalia upepo umekuwa ukipeleka wapi tangu asubuhi, upande huo ndio naanzia. Mawimbi pia yanavunja ule mwanga wa jua na besi anakuwa jasiri, ila siku maji yametulia kama kioo anajibana kwenye ukingo wa majani na unamhangaikia kweli.

Kingine ambacho naona hakijasemwa ni kelele. Maji ya mita 2 kasia likigonga ubavu wa mtumbwi samaki ameshajua, na hio nanga ukiitupa tu basi. Mkuu hizo safari zako sita naamini uliwapita kwa juu na mtumbwi. Ukishachagua mahali, msogeleo uanzie upande upepo unakotokea, acha ukusukume wenyewe, nanga ishushe kwa mkono taratibu ukiwa bado mbali, alafu urushe ukiwa umeupa upepo mgongo, chambo kinaenda mbali bila nguvu.

magugu2:
Na msimu jamani. Besi wanataga pembeni kwenye maji mafupi, joto la maji likiwa kama nyuzi 15 mpaka 20. Dume anabaki kulinda kiota, jike akishataga anaondoka. Kwaiyo baada ya hapo majike makubwa yatafute kwenye kitu cha kwanza kabisa ukitoka pale wanapotagia kuelekea katikati, kisiki, nundu, chochote. Alafu ukimpata mmoja usianze kumpiga picha, rudisha chambo palepale haraka maana mara nyingi yuko na wenzake.

kasia_moja:
Wakuu nimerudi, asanteni sana aisee. Siku ya kwanza nimeburuta chubwi tu kama nilivyoambiwa, masaa manne tope tope tope, nikataka kuacha, mara ikaja ko ko ko. Nilivyolivuta juu lilikuwa na mikwaruzo mipya na kipande cheupe cha kome kimenasa kwenye tundu. Hako kasehemu ni kama ukubwa wa chumba cha kulala na nimekuwa nikipita juu yake muda wote huo! Jana nimerudi na upepo mgongoni, narusha kupita boya alafu naburuta. Wa kwanza hakugonga, nilisimamisha kuvuta nikaona uzi unatembea wenyewe kwenda kushoto. Nimetoa watatu, mmoja sijawahi kushika mkubwa kama yule, mikono ilitetemeka. Wa nne amekata. Nikaangalia mwisho wa uzi umesagika kama umepitishwa kwenye msasa. Hapo nafanyaje?

chubwi_zito:
Safi sana mkuu, nimefurahi kama nimewatoa mimi. Hayo ni makome, na uzi wa kusuka haupendi makome kabisa. Hio mita 1 ya nyuma ya chubwi iwe ya fluorokaboni, ule uzi mmoja mgumu usiosukwa, inahimili kukwaruzwa zaidi. Kila ukitoa samaki pitisha mwisho wa uzi kwenye vidole, nusu mita juu ya ndoano, ukisikia hata kakwaruzo kadogo kata hapo ufunge upya. Na fundo liloweshe kwa mate kabla ya kulikaza, likikazwa kavu linajiunguza.